Msaada wa kilimo Unguja: anzia shehia

Mkulima wa Unguja akisikia redioni kwamba wakulima wajiandikishe ili wapate mbolea ya ruzuku, aulize kwanza tangazo ni la upande upi. Kilimo si jambo la Muungano. Mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza mwaka 2022, pamoja na daftari lake la wakulima, ni wa Tanzania Bara. Huku kwetu shughuli hizo ziko chini ya Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo ya Zanzibar.

Watu wa Mji Mkongwe wenye mashamba ya urithi Dole, Bambi au Donge hupenda kupanda daladala ya Bububu na kuteremka Maruhubi, wakaulize katika ofisi ya Wizara. Si vibaya, ila nauli itakufaa zaidi ukienda kwenye shehia lilipo shamba, hata kama unalala Malindi. Sheha ndiye atakayethibitisha kuwa konde unalilima wewe. Bwana shamba au bibi shamba wa eneo lile ndiye ajuaye mbegu zipi zimeingia na shamba darasa linakutana wapi. Asiyejulikana na hao wawili, jina lake haliingii kwenye orodha.

Kwenye uthibitisho huo ndipo mambo yanapokwama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi eka tatu tatu, na wengi waliopewa wamekwisha kufariki. Watoto na wajukuu wanalima bila karatasi yenye majina yao. Tena hapa mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Aliyeazimwa konde hupanda muhogo na mtama bila neno, lakini akichomeka mnazi au mkarafuu, mwenye ardhi ataona ananyang'anywa haki yake. Kwa hiyo kabla ya kuomba miche ya kudumu, kaeni kama familia mkubaliane, muandikiane mbele ya sheha. Ugomvi wa miti mikubwa ni mgumu kuumaliza kuliko wa miche.

Miche ya mikarafuu Serikali imekuwa ikiigawa bure kwa miaka mingi, na hupandwa mvua za masika. Ukienda kuulizia Aprili, mvua zimeshachanganya, utakuta wenzako walijiandikisha zamani. Wakulima wa mpunga nao wawahi zaidi: matrekta ya Serikali ni machache na mabonde yote yanayataka kwa wakati mmoja. Wa Cheju au Kibokwa waulizie zamu kupitia kamati ya bonde. Kwa ushauri wa mbegu na maradhi ya mimea, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iko Kizimbani. Nenda na jani lenye ugonjwa, usiende na maelezo matupu.

Upande wa hifadhi una masharti yake. Kukata mti, hata ulio shambani kwako, kunahitaji kibali cha idara ya misitu. Sheria ya misitu Namba 10 ya 1996 pia iliruhusu jamii kukabidhiwa msitu wao kwa makubaliano maalumu na Serikali. Vijiji vinavyozunguka Jozani, kama Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni, vimepita njia hiyo, na kamati za hifadhi ndizo zinazosimamia eneo gani lifungwe na wapi pachanjwe kuni. Ukiwa jirani ya msitu na kima punju wanakula mazao yako, usiwapige. Ni wanyama wanaolindwa. Peleka lalamiko lako kwenye kamati, na uhudhurie kikao, kwani hapo ndipo fedha za utalii zinapopangiwa matumizi.

Anayetaka mtaji aulizie Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ambao mikopo yake hupitia benki. Kaya zilizo hoi ziulizie mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), unaofika Unguja na Pemba. Mkopo ni deni, hata usipokuwa na riba, na mahindi hayalipi mwezi wa pili.

Kisha kuna miradi ya wafadhili, kama ule wa Viungo, Mboga na Matunda uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Jiunge, ujifunze. Siku ya mkutano wa kwanza uliza mradi unamalizika lini, pampu itabaki kwa nani, na nani atanunua mafuta yake.