Kijapani na Kitagalogi Huzungumzwa Wapi?

*Nataka kujifunza Kijapani au Kitagalogi, lakini nahofia kupoteza muda kwa lugha isiyovuka mipaka ya nchi yake. Nichague ipi? – Msomaji, Tanga*

Hofu ya msomaji inaeleweka, ila lugha zote mbili zimevuka bahari. Kijapani, chenye wasemaji zaidi ya milioni 120, kimejikita Japani, ingawa uhamiaji ulioanza mwaka 1908 ulikifikisha Brazil, hasa São Paulo. Kitagalogi, chenye chimbuko Manila na maeneo jirani ya kisiwa cha Luzon, ndicho msingi wa Kifilipino, yaani lugha ya taifa kwa mujibu wa Katiba ya Ufilipino ya mwaka 1987, na wafanyakazi wahamiaji wamekieneza Marekani na nchi za Ghuba. Anayekusudia kusoma Japani achague Kijapani. Anayefanya kazi na Wafilipino aanze na Kitagalogi. Anayesitasita amwone mwalimu wa lugha kabla ya kulipa ada.