Kabla ya Msingi, Tengeneza Njia

Mdogo wangu, umeniuliza uanzie wapi. Kiwanja unacho kijijini, mbali kidogo na barabara, vijisenti vimepatikana, na fundi anakuhimiza mchimbe msingi kabla hela haijatawanyika. Nakusihi, hela hiyo ipeleke kwanza kwenye njia.

Fundi atakwambia tipa litapita hivyohivyo. Kiangazi litapita, ndiyo. Masika yakianza litanasa, mchanga utamwagwa kando ya barabara, nawe utalipa vibarua waubebe kwa toroli. Gari la nguzo za umeme nalo ni zito, halitakuja mahali pasipopitika.

Hata kabla ya jembe, shughulikia maandishi. Jirani anayekuruhusu kukatiza shambani kwake ni mtu mwema, lakini shamba hilo kesho litakuwa la watoto wake. Kaeni, mpimiane upana usiopungua mita 4, na mwandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji, mashahidi wakiwemo. Mke wa jirani naye atie saini, tafadhali, kwa kuwa shamba ni lake pia. Humo humo muandike kwamba nguzo na nyaya zitafuata njia hiyo. Hili watu hulisahau, halafu siku nguzo zinakuja, ugomvi unaanza juu ya miembe inayotakiwa kukatwa.

Adui wa njia ni maji. Ndiyo maana kumwaga kifusi juu ya majani ni kutupa hela: yataoza, gari litadidimia. Ondoa udongo wa juu na mizizi yake, inua katikati kuliko pembeni ili mvua iteremke, chimba mtaro kila upande. Pale unapoungana na barabara weka kalavati, usizibe mtaro wake. Na kama barabara hiyo iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waone kwanza. Moramu imwagwe kwa tabaka, kila tabaka lilowanishwe na kushindiliwa. Kama ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, utachimba zaidi na gharama itapanda. Jiandae. Na kabla moramu haijamwagwa, laza bomba tupu chini ya njia. Siku ya kuvusha maji au waya wa taa ya geti hutalazimika kuichimbua.

Sasa umeme. Pima umbali kutoka nguzo iliyo karibu hadi ukuta utakaopokea waya. Ndani ya mita 30 huhitaji nguzo. Zaidi ya hapo, nguzo zinaanza kuhesabiwa. Uliza pia eneo lako limeandikwa kijiji au mji, maana tofauti si ndogo: viwango vya kuunganishiwa umeme vya 2022 viliweka shilingi 27,000 kijijini, na mjini 320,960 kwa umeme wa njia moja bila nguzo. Ulizia na transfoma iko wapi. Ikiwa mbali sana, umeme utafika umechoka, taa zitafifia kila jirani anapowasha mashine.

Wayaringi aifanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na erthi isirukwe hata kama nyumba ni ya vyumba viwili. Hapo usibane hela, mdogo wangu. Shoti inaua watoto. Vishoka, wale matapeli wa umeme, watakuja na maneno matamu, wakidai wanaweza kuharakisha. Usimpe mtu fedha mkononi. Lipa TANESCO, shirika la umeme, kwa namba ya malipo uliyopewa, na risiti uitunze.

Wapimaji wao wakikuambia unahitaji nguzo nyingi, usiuze ng'ombe. Zungumza na wenzako wenye viwanja jirani muombe pamoja, na mpeleke ombi lenu kwenye serikali ya kijiji ili lijulikane miradi ya REA, wakala wa nishati vijijini, inapopangwa. Wakati mnasubiri, sola ndogo ya taa na kuchaji simu inatosha. Njia itakuwa tayari, na ujenzi unaweza kuendelea.