Ukungu wa Mahindi na Ini Lako

Mahindi na karanga zikiingia ukungu, huweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Mgonjwa hutapika, tumbo huvimba, macho huwa ya manjano. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Wengine husema, "Nitapika sana, itakufa." Haifi kwa moto. Kukoboa hupunguza tu. Wala hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Mgonjwa wa macho ya manjano apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

Anika juu ya turubai, si chini. Punje kavu ukiiuma huvunjika kwa mlio.

Najua kutupa chakula ni uchungu. Lakini mahindi hayo usimpe kuku, wala usipikie pombe.