Unene wa Watoto na Wajibu wa Nyumba Nzima



Mafundisho ya dini hayakukomea katika sala na funga. Kurani Tukufu imeturuhusu kula na kunywa, ikatukataza kupita kiasi. Naye Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ametufahamisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya wale aliokabidhiwa. Mafundisho haya mawili yanakutana katika somo letu la leo: unene wa kupita kiasi kwa watoto.

Huenda msomaji wetu wa Ruhuwiko, Songea, akasema: "Hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, sisi twapambana na udumavu." Neno lake lina ukweli. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Ruvuma, ambako mahindi hujaza maghala, kiasi cha watoto 36 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania nzima, wa umri huo wenye uzito uliozidi walikuwa 4 tu katika 100. Lakini uchunguzi huohuo uliwakuta wanawake wengi wa umri wa kuzaa wakiwa na uzito uliozidi. Mama na mtoto hupakua katika chungu kimoja; basi yaliyompata mama leo yaweza kumfika mtoto kesho. Tena udumavu na unene vyaweza kukaa katika nyumba moja: ugali mwingi, mboga na maharage kidogo, kisha soda, chipsi na biskuti kila fedha ipatikanapo.

Sasa tuulize: mtoto akinenepa kupita kiasi, nani abadilike?

Jibu zuri lilitoka Pittsburgh, Marekani. Huko Leonard Epstein na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 10 watoto wanene wa umri wa miaka 6 hadi 12, wakatangaza matokeo mwaka 1990. Katika kundi moja, mzazi na mtoto wote wawili walitakiwa kubadili ulaji na uzito, nao walituzwa kwa pamoja. Katika kundi jingine mtoto peke yake ndiye aliyelengwa. Katika la tatu walituzwa kwa kuhudhuria tu. Baada ya miaka 10, unene wa watoto wa kundi la kwanza ulikuwa umepungua kuliko siku ya kuanza. Wa kundi la pili uliongezeka, na wa kundi la tatu ukaongezeka zaidi. Zingatia hapa, ndugu msomaji: kumsindikiza mtoto hakutoshi. Mzazi hana budi kubadilika pamoja naye.

Je, mafunzo hayo yatolewe kwa kukutana au kwa simu? Kila njia ina faida yake. Katika kukutana, mizani ni moja kwa wote, na wazazi hutiana moyo. Tunao mfano wa jirani: kuanzia mwaka 1983 mkoa wa Iringa ulikuwa na mpango wa lishe, ukisaidiwa na UNICEF na WHO, ambao ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa mbele ya wanakijiji, wazazi wakatafuta sababu, kisha wakatenda, na utapiamlo mkali ukapungua sana. Huko adui alikuwa wembamba, lakini njia ni ileile.

Njia ya simu ilienea zaidi katika nchi nyingi baada ya UVIKO-19 kuzuia mikutano mwaka 2020. Humpunguzia mzazi nauli, na baba aliye kazini mbali hupata kusikia. Wala si lazima simu iwe ya gharama: huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza Tanzania mwaka 2012, ilipeleka mafunzo ya uzazi kwa ujumbe mfupi, na hata waume waliweza kujiandikisha. Wataalamu wa Marekani walipendekeza tena mwaka 2024 kwamba mtoto mnene wa miaka 6 au zaidi apate, pamoja na familia yake, mafunzo ya saa 26 au zaidi katika mwaka. Ni vigumu saa hizo zote zitimie kwa safari za zahanati pekee. Lakini simu haipiki, wala haimwondoi mtoto kitini.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tusimwite mtoto majina ya kumdhihaki. Yeye hakwenda sokoni, wala hakushika mwiko.

Pili, tusimnyime chakula. Mara nyingi mtoto anayekua hahitaji kupunguza kilo; yatosha uzito utulie huku kimo kikiongezeka. Mtaalamu wa afya ndiye aamue.

Tatu, kadi ya kliniki isipofungiwa sandukuni mtoto atimizapo miaka mitano, tutaijua hali yake mapema. Tuendelee kumpima.

Nne, sheria ya mezani iwe moja kwa wote: maji badala ya soda, mboga na matunda kwa baba kama kwa mtoto, na mchezo wa kutoa jasho walau dakika 60 kila siku.

Tano, bibi na babu washirikishwe. Wengi wao huona unene kuwa dalili ya neema, na mkono wao wa upendo ndio unaotoa sukari. Waelezwe kwa adabu, wala wasilaumiwe.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baba amwambiaye mwanawe aache soda huku chupa i mkononi mwake amefundisha kwa mkono, si kwa ulimi. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuwa wachungaji wema wa nyumba zetu. Amin.