Nome, Mji wa Dhahabu Kando ya Barafu

Mwalimu wetu wa Jiografia alinipa kazi ya kueleza habari za mji mmoja usiofikiwa kwa barabara. Nikachagua Nome, katika Alaska. Sijafika huko ila kwa ramani na vitabu. Basi nifuateni kwa njia hiyo hiyo.

Nome uko pwani ya Bahari ya Bering, karibu nyuzi 64 na nusu Kaskazini. Zipo barabara tatu zitokazo mjini, lakini hakuna hata moja iungayo mji huu na miji mikubwa ya Alaska. Mgeni huenda kwa ndege, au kwa meli wakati wa kiangazi, maana majira ya baridi bahari huganda. Mwezi wa Desemba jua huonekana saa nne tu kwa siku. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilipata watu 3,699, na wengi wao ni wenyeji, hasa Wainupiat.

Hata hivyo, mwaka 1900 walihesabiwa watu 12,488! Walifuata nini katika baridi ile? Mwaka 1898 watu watatu, Lindeberg, Lindblom na Brynteson, walipata dhahabu katika kijito cha Anvil. Waliitwa “Waswidi Watatu wenye Bahati”, ingawa mmoja alizaliwa Norwe. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana katika mchanga wa ufuoni. Hapo ndipo dunia ilipopata wazimu, kwa sababu ufuo haukuwa na mwenyewe: mtu hakuhitaji kupigilia vigingi wala kulipa kodi, alihitaji koleo na kisanduku cha kuoshea mchanga tu. Hema zikapangwa ufuoni kilomita nyingi.

Lakini kule kijitoni mambo yalikuwa mengine. Mwezi wa Julai 1900 alifika hakimu mpya, Arthur Noyes, pamoja na mwanasiasa mmoja, Alexander McKenzie. Siku chache tu baadaye hakimu akaamuru vitalu vilivyo bora viwekwe chini ya usimamizi wa McKenzie mpaka kesi ziishe, naye McKenzie akaanza kuchimba dhahabu ya watu mara moja. Angalieni ujanja huo: hakuna mlango uliovunjwa, karatasi ya mahakama ilitosha. Wenye vitalu wakapeleka rufani San Francisco, safari ya bahari ya majuma kadhaa, wakashinda. McKenzie akakataa kutii. Mwishowe alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, lakini Rais McKinley akamsamehe kabla hajakitimiza. Noyes alitozwa dola 1,000 na kisha akaondolewa kazini. Mimi naona adhabu hiyo ilikuwa nyepesi mno.

Na Wainupiat je? Nchi ilikuwa yao kabla ya Urusi kuiuzia Marekani mwaka 1867. Sheria ya machimbo iliwapa vitalu raia, na wageni waliotangaza nia ya kuwa raia. Lakini wenyeji wa Marekani hawakupewa uraia wote mpaka mwaka 1924. Mgeni wa jana aliweza kuandikisha kijito, mzaliwa wa pale asiweze. Tena mwaka 1900 surua na mafua makali viliwaua wengi wao.

Wengi husifu mbwa waliokokota dawa ya dondakoo hadi Nome mwaka 1925, kilomita 1,085 katika theluji kwa siku tano na nusu. Nami nawasifu. Lakini habari ya hakimu ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa kuwa binamu yangu aliacha shule Kidato cha Pili akaenda kuchimba dhahabu, naye hujivunia shimo “lake”. Nimemwandikia barua kumwuliza limeandikishwa kwa jina la nani. Hajanijibu bado.