Simu Imeingia Maji? Usiiwashe Kwanza

Ukiishi hapa Kigoma, iwe Kibirizi, Katonga au Ujiji upande wa ziwani, huna haja ya kuelezwa maana ya maji kuingia ndani. Ziwa Tanganyika lilipanda mno 2020 na 2021, likapanda tena 2024, na hali ikawa hiyohiyo kwa jirani zetu wa Uvira, Kalemie na Bujumbura. Mito inayomwaga ziwani ni mingi, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi maji hukawia kuondoka. Ongeza mafuriko yanayoshuka vilimani kati ya Novemba na Aprili, na simu zinazodondoka mtumbwini usiku wa kuvua dagaa. Vifaa vingi hutupwa ilhali vingepona.

1. Umeme kwanza, kifaa baadaye

Ukiwa umesimama kwenye maji, usiguse swichi, soketi wala waya. Kama meni swichi iko pakavu na unaifikia ukiwa pakavu, izime. Kama sivyo, toa watu nje na uwaite TANESCO wakate. Usijidanganye kwamba ni salama kwa kuwa uniti za LUKU zimekwisha: waya unaotoka nguzoni hadi kwenye mita bado una umeme.

Wenye sola wawe makini zaidi. Paneli huzalisha umeme jua likiwepo, hata kama inveta imezimwa. Ifunike kwa turubai zito kabla mtu hajagusa nyaya zake.

2. Usiiwashe ili kujaribu

Hapa ndipo simu nyingi hufia. Maji yakikutana na umeme ndani ya saketi, shaba huanza kuliwa upande mmoja na kujijenga upande mwingine, nyuzi nyembamba zikaunganisha mahali pasipotakiwa kuungana. Kazi hiyo huanza ndani ya dakika chache. Umeme usipokuwepo, kutu huja taratibu na wewe unapata muda.

Basi izime. Usiichaji, usibonyeze batani moja baada ya nyingine, usiitikise, maana maji yatasambaa hadi kule ambako hayakuwa yamefika. Simu ndogo ya batani itoe betri papo hapo. Simu janja itoe laini na memori kadi, uvipanguse na kuviweka kando. Memori kadi ni ngumu kuliko inavyoonekana: mara nyingi simu hufa lakini picha za harusi zikabaki salama humo.

3. Isuuze. Ndiyo, kwa maji

Ushauri huu huwashtua watu, na mimi nausisitiza kuliko mwingine wowote. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, lakini yamejaa madini, hasa magnesi na bikaboneti, na yanapitisha umeme takriban mara sita kuliko maji ya Ziwa Victoria. Yakikauka juu ya saketi huacha ukoko mweupe. Ukoko huo huvuta unyevu wa hewani na kuendelea kula shaba kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana simu huonekana imepona leo, kisha ikazimika moja kwa moja mwezi ujao, na mwenyewe asijue kwamba ni maji yaleyale. Tope la mafuriko ni baya zaidi, kwa kuwa linabeba uchafu wa vyoo na mitaro.

Kifaa kinachofunguka, kikiwa hakina betri wala umeme, kisuuzwe kwa maji safi yasiyo na madini. Maji ya mvua yanafaa sana, mradi uyakinge baada ya mvua kuliosha bati. La sivyo, nunua kwenye duka la spea maji yaliyosafishwa yanayoongezwa kwenye betri za gari. Soma lebo vizuri, kwa sababu duka hilohilo huuza na asidi ya betri, na asidi itamaliza kifaa na mikono yako.

Malizia kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ipakwe kwa mswaki laini. Spiriti hufukuza maji kwenye mianya na yenyewe hukauka upesi. Fanya hivyo nje, mbali na jiko na sigara. Sanitaiza ya mikono haifai, ina maji na jeli. Petroli ikatae, hata akikushauri nani.

Rimoti, kibodi na redio ndogo unaweza kuzisuuza mwenyewe. Simu janja iliyogundishwa usiilazimishe kufunguka, ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo.

4. Mchele uache jikoni

Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waziwazi wasiweke simu kwenye mchele. Punje haziwezi kuyafuata maji yaliyojificha chini ya kioo, na vumbi lake huziba tundu la chaji. Kinachokausha ni hewa inayotembea: feni, kivulini, tundu la chaji likiangalia chini. Usianike simu juu ya bati saa saba mchana wala kuiweka karibu na jiko la mkaa, kwani joto huharibu gundi, kioo na betri.

Kiangazi siku mbili tatu hutosha kwa simu iliyofunguliwa. Wakati wa mvua vumilia zaidi, na ukiwa na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vifungie pamoja na kifaa kwenye kopo lisilopitisha hewa.

5. Betri iliyovimba haina msamaha

Betri ya lithiamu iliyovimba, inayonuka au inayopata moto yenyewe itolewe nje, iwekwe juu ya mchanga au saruji, mbali na watoto. Usiitoboe, usiichaji tena.

6. Televisheni, sabufa, friji

Televisheni ya chogo usiifungue kamwe. Ndani yake hubaki umeme wa volti maelfu hata baada ya kuchomolewa. Flati ni afadhali kidogo, ila sehemu yake ya pawa nayo huhifadhi umeme, kwa hiyo mwachie fundi.

Sabufa iliyolala kwenye maji huvimba boksi lake la mbao za kubandika. Saketi yake inaweza kuokolewa, boksi utachonga jingine. Friji usiikatie tamaa. Kompresa imefungwa kabisa, kinacholowa ni rilei, thamostati na nyaya, vitu vinavyobadilishwa. Kama ilielea ikalala ubavu, isimamishe siku nzima kabla ya kuiwasha.

7. Mwambie fundi ukweli

Ilidondoka ziwani, mtaroni au ilimwagikiwa chai ya maziwa? Lini? Uliiwasha tena? Majibu hayo humwonyesha aanzie wapi. Omba aifungue mbele yako mwonyeshane madoa ya kijani kwenye shaba. Fundi anayekausha kwa hewa ya moto tu bila kuosha saketi hajamaliza kazi.

8. Jiandae kabla maji hayajafika

Kigoma ina mfano wake. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, isije ikatekwa vitani. Kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924, baada ya miaka mingi majini, injini zilikuwa bado zinafaa kutengenezwa, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba.

Nyumbani grisi yako ni mpangilio. Ukijenga au kukarabati, panda na soketi hadi usawa wa kiuno. Televisheni itundikwe ukutani. Soketi za waya zisilale sakafuni msimu wa mvua, na betri ya sola ikae juu ya meza imara. Picha na namba muhimu zinakiliwe kwenye simu ya ndugu asiyekaa ufukweni.

Na wewe unayeingia ziwani na taa za dagaa: simu iwe ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, liachwe na nafasi ya hewa ili lielee, lifungwe kwa kamba kwenye mtumbwi.