SADAKA YA WAZAZI KWA AJILI YA WATOTO WAO



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo kila nyumba inalijua, ingawa si kila nyumba imelipima kwa mizani ya dini. Wazazi huacha mambo mengi kwa ajili ya shughuli za watoto wao. Huacha usingizi, fedha, mapumziko, na mara nyingine hata heshima yao mbele ya watu, ili mtoto aende shule, asome madrasa, acheze na wenziwe, ahudhurie Ijtimai. Swali letu ni hili: je, kila anachokiacha mzazi kwa ajili ya mtoto ni sadaka yenye thawabu? Au yapo mambo ambayo mzazi akiyaacha, huwa amempotezea mtoto kile alichotaka kumpa?

Swali hili huwagusa hasa wale walioingia katika Islam karibuni, na wale ambao bado wanaichunguza. Wengi wao wana watoto, na wanataka kujua dini hii itawaongoza vipi katika malezi.

1. Hali tunayoiona Uluguru

Tuchukue mfano wa Morogoro. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 500 tu, lakini nyuma yake Milima ya Uluguru inapanda mpaka kilele cha Kimhandu chenye zaidi ya mita 2,600. Katika miteremko hiyo, tangu Kinole na Matombo upande wa mashariki mpaka Mgeta upande wa magharibi, watu wanaishi kwa kilimo. Mashariki kuna ndizi, mananasi na viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga. Mgeta kuna kabichi, karoti, njegere na viazi.

Akina mama wa miteremko iliyo juu ya Bigwa na Kilakala hushuka alfajiri na mizigo kichwani kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Ukimwuliza mmoja wao fedha ile itakwenda wapi, mara nyingi jibu ni mtoto. Ni kweli kwamba ada ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2002, na ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016. Lakini sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana na nauli vimebaki mabegani mwa mzazi. Mtoto akichaguliwa kwenda kwenye michezo ya shule, au akitakiwa mjini kwa mashindano ya kusoma Kurani, ni mkungu mwingine wa ndizi unaoshuka mlimani. Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

2. Asili ya sadaka hii katika Islam

Kila mwaka katika Idi kubwa tunakumbuka sadaka ya Nabii Ibrahimu a.s. Kurani Tukufu inaeleza katika 37:103 kwamba aliona katika ndoto anamchinja mwanawe, akamwuliza mwana huyo maoni yake, naye akakubali kwa subira. Sisi Waahmadiyya tunafahamu kwamba maana kubwa ya ndoto hiyo ilitimia pale Ibrahimu a.s. alipomweka mkewe Hajiri na mwanawe Ismaili katika bonde lisilo na mimea, kama alivyotaja mwenyewe katika dua yake iliyomo katika 14:38. Katika dua hiyo alisema pia kusudi lake, nalo lilikuwa kwamba wasimamishe sala.

Hapa pana mafundisho mawili. Kwanza, baba aliacha raha ya kuwa karibu na mwanawe, lakini hakuacha kumwombea. Pili, mama hakuketi akingoja muujiza. Hajiri alimtegemea Mwenyezi Mungu kwa moyo wote, na bado akakimbia mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa akimtafutia mwanawe maji, mpaka Mwenyezi Mungu akaitokeza Zamzam. Mbio za mama huyo zimefanywa kuwa sehemu ya Hija. Wafalme na wanazuoni, wanaume kwa wanawake, huzifuata nyayo za mama mmoja aliyehangaika kwa ajili ya mtoto. Je, iko dini iliyotukuza zaidi jasho la mzazi?

Basi mama anayeshuka kutoka mlimani na mzigo wake asidhani kwamba kazi yake ni ya dunia tu. Nia yake ikiwa njema, hatua zake zimo katika ibada.

3. Nani mwenye dhima?

Wenyeji wa Uluguru wanajua kwamba kwa mila ya Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, unaoitwa lukolo. Ardhi hupita katika ukoo huo, na mjomba alikuwa mwenye sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo baadhi ya akina baba huona kwamba kuhangaikia shughuli za mtoto ni kazi ya upande wa pili.

Islam haikuja kuvunja udugu. Wema wa mjomba ni baraka, na kuunga udugu ni amri ya Mwenyezi Mungu. Lakini Kurani Tukufu katika 2:234 imeweka chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo wake. Na Mtukufu Mtume s.a.w. amefundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya kundi lake. Baba ataulizwa juu ya watu wa nyumba yake, na mama ataulizwa juu ya nyumba na watoto. Mjomba akisaidia, ashukuriwe, lakini baba asijifiche nyuma yake. Shamba la ukoo laweza kumpita baba kwa mila, lakini dhima ya malezi haimpiti.

4. Mambo yanayofaa kuachwa

Mzazi Mwislamu anafaa kuacha mambo mengi kwa furaha.

La kwanza ni haja ya nafsi yake. Bibi Aisha r.a. ameeleza kwamba mwanamke maskini alimjia na binti zake wawili akiomba, naye hakuwa na kitu ila tende moja. Mwanamke yule aliigawa tende kwa binti zake, asile hata kidogo. Mtume s.a.w. alipoambiwa, alibashiri kwamba anayejaribiwa kwa mabinti akawatendea wema, watakuwa kinga yake na Moto. Angalia, ndugu msomaji, ni tende moja tu! Mwenyezi Mungu hatazami ukubwa wa kitu, bali anatazama ni nani aliyebaki na njaa ili mwingine ashibe.

La pili ni wakati wake. Mtume s.a.w. alikuwa akikusudia kurefusha sala, kisha akisikia kilio cha mtoto mchanga huifupisha kwa kuihurumia roho ya mama yake. Ikiwa mbora wa viumbe alifupisha sala ya jamaa kwa ajili ya mtoto, baba atatoa udhuru gani wa kutokatisha mazungumzo ya barazani ili amsikilize mwanawe anayesoma?

La tatu ni fahari mbele ya majirani. Kwa desturi ya Uluguru, binti akivunja ungo huwekwa ndani akafundwa, na siku ya kutolewa mwali huwa na ngoma na karamu. Zamani alikaa ndani muda mrefu. Siku hizi, kwa sababu ya shule, muda huo umefupishwa sana. Kumfundisha binti adabu na usafi ni jambo jema, na Islam inaliamrisha. Lakini mzazi anayeuza mahindi ya akiba au kukopa ili karamu yake isemwe vizuri, kisha mwezi wa Januari binti akakosa viatu vya shule, huyo ametoa sadaka kwa ajili ya macho ya watu. Kurani Tukufu katika 17:27-28 imewaita wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Kuivumilia aibu ya karamu ndogo ili mtoto asome ni sadaka kubwa, tena ngumu kuliko kubeba mzigo mlimani.

5. Mambo yasiyofaa kuachwa

Yako mambo ambayo mzazi hana ruhusa ya kuyatoa, kwa kuwa si mali yake.

Sala ni la kwanza. Katika 63:10 waaminio wameonywa kwamba mali zao na watoto wao zisiwasahaulishe kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Mtoto akiwa na mazoezi ya mpira saa za alasiri, hakuna ubaya, kwani afya ni neema. Lakini baba asimwambie kwamba leo sala ingoje kwa sababu ya mpira. Amfundishe kutawadha kabla ya kwenda, na kusali pembeni mwa uwanja. Kwa njia hiyo mtoto amepata mchezo wake, na sala haikupotea.

Ukweli ni la pili. Wako wazazi ambao kwa kumpenda mtoto hupunguza umri wake ili aingie katika timu ya wadogo, au humwandikia mwalimu kwamba alikuwa mgonjwa, kumbe alikuwa safarini. Mama mmoja wakati wa Mtume s.a.w. alimwita mwanawe akimwahidi kumpa kitu. Mtume s.a.w. akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba alikusudia kumpa tende. Ndipo akamwambia kwamba kama asingempa chochote, angeandikiwa uwongo. Ikiwa ahadi ya tende moja ina hesabu hiyo, itakuwaje cheti cha kuzaliwa? Mtoto aliyeona baba yake anasema uwongo kwa faida yake amepata nafasi katika timu, lakini amepoteza mwalimu nyumbani.

Uadilifu ni la tatu. Sahaba Bashiri r.a. alimpa mwanawe Nuumani zawadi, akamwomba Mtume s.a.w. awe shahidi. Akaulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Aliposema la, Mtume s.a.w. akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na kufanya uadilifu kati ya watoto wake, naye akairudisha zawadi ile. Basi haifai binti abaki nyumbani kuchota maji na kulea wadogo zake kila siku, ili kaka yake apate nafasi ya masomo na michezo. Hapo anayetoa sadaka ni binti, wala hakuulizwa.

6. Kulea si kulazimisha

Upo mzazi anayetoa kila kitu, kisha anadai malipo: mtoto awe vile alivyotaka yeye, upesi, na kwa fimbo ikibidi. Historia ya Uluguru inatupa fundisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilitaka kuzuia mmomonyoko wa udongo, ikawaamuru wakulima kukata ngazi milimani. Kusudi la kuhifadhi udongo lilikuwa na maana, lakini njia ilikuwa amri na adhabu. Mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo waliinuka kupinga, na mpango ukaanguka. Lakini kule Mgeta, ambako wakulima waliona faida ya ngazi kwa mboga zao, ngazi zilidumu. Kilichokubaliwa na moyo hudumu, na kilicholazimishwa huondoka pamoja na mlazimishaji.

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alichukizwa sana na tabia ya kuwapiga watoto. Alifundisha kwamba mwenye kupiga kwa hasira ni kama anayetaka kujifanya mshirika wa Mungu katika kuongoza na kulea, na kwamba kuliko kuadhibu ni afadhali wazazi wafanye dua kwa uchungu wa moyo. Yeye mwenyewe alijiwekea dua maalumu za kila siku kwa ajili ya watoto wake. Hii ndiyo sadaka ambayo hata maskini kabisa anaiweza: kuamka usiku na kumtaja mtoto kwa jina mbele ya Muumba wake.

7. Sadaka iliyo kubwa zaidi

Kurani Tukufu katika 3:36 imetaja nadhiri ya mama yake Mariamu, aliyemtoa mtoto aliye tumboni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kwa kufuata mfano huo, tarehe 3 Aprili 1987, Hadhrat Mirza Tahir Ahmad r.h., Khalifatul Masihi wa Nne, alianzisha mpango wa Wakfe Nau, ambao wazazi huwakifu watoto wao kabla hawajazaliwa. Lakini mtoto akishakua, yeye mwenyewe huulizwa kama anathibitisha ahadi ile. Huu ndio mwendo wa Ibrahimu a.s., aliyemwuliza mwanawe. Mzazi hutoa, na mtoto hukubali kwa hiari.

Morogoro yenyewe iko Jamia Ahmadiyya, ambamo vijana hujifunza kuwa mubalighi. Nyuma ya kila kijana wa namna hiyo yupo mzazi ambaye angeweza kumtumia shambani au dukani, naye akakubali kukosa mikono yake. Si kila mtoto atakuwa mubalighi, wala si lazima. Lakini kila mzazi anaweza kujiuliza: mtoto huyu ninamlea kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Mola wake?

Maswali ya kujipima

Ndugu msomaji, kabla hujauweka ukurasa huu, jiulize mbele ya nafsi yako:

Ni kitu gani nilichokiacha mwezi huu kwa ajili ya mtoto wangu, na nilikiacha kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya watu?

Je, mtoto wangu ameniona nikiacha sala au ukweli kwa ajili yake?

Je, binti yangu na mwanangu wa kiume wanapata haki sawa ya wakati na fedha zangu?

Je, jana usiku nilimwombea?

Ukijibu maswali haya kwa unyofu, utaona palipo na upungufu, na mlango wa kurekebisha uko wazi. Mchumia juani hula kivulini, na kivuli cha mzazi ni mtoto mwema atakayemwombea baada ya kufa kwake.

Ee Mola wetu, utujalie wake na waume na watoto watakaokuwa burudisho la macho yetu. Uzikubali sadaka zetu ndogo, na utusamehe pale tulipotoa kisichokuwa chetu. Amin.